Vigae vya Ukuta wa Jikoni na Tatizo la Mianya

Ukuta ulio kati ya meza ya jikoni na makabati ya juu, ambao kimo chake kwa kawaida ni kati ya sentimita 45 na 60, hupokea mafuta ya kukaangia, mvuke wa sufuria, maji ya sinki na rangi ya viungo, na kwa hiyo uteuzi wa vigae vyake hauwezi kuamuliwa na rangi peke yake.

Kigae cha kawaida cha ukutani hutengenezwa kwa udongo uliogandamizwa na kuchomwa tanurini, kisha uso wake hufunikwa kwa glezi, yaani tabaka jembamba la kioo linaloyeyuka kwa joto na kushikamana na udongo. Glezi si ngeni katika kuta za pwani, kwani wajenzi wa makaburi ya nguzo ya Kunduchi walipachika humo vyombo vya kauri kutoka China. Chini ya glezi, hata hivyo, udongo una vitundu, na kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 kina kundi la vigae vinavyofyonza maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ilhali vile vya poseleni, vinavyochomwa kwa joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, havizidi asilimia 0.5. Muuzaji akisifu poseleni kwa hoja hiyo, ifahamike kwamba ukuta haukanyagwi wala hauburuziwi viti, na kwamba saruji hushika vizuri zaidi mgongo wa kigae chenye vitundu, ambacho pia hukatika kwa urahisi fundi anapozunguka soketi za umeme. Marumaru halisi, yaani jiwe lenyewe, haifai hata kidogo karibu na jiko, kwa kuwa ni kalsiamu kaboneti, na tone la ndimu au ukwaju hula mng'ao wake likaacha doa lisilotoka kwa sabuni.

Udhaifu mkubwa zaidi wa ukuta huu, hata hivyo, hauko kwenye kigae bali kwenye mianya inayojazwa grauti, ambayo mara nyingi ni saruji nyeupe tu. Saruji hiyo hufyonza, na adui yake mkuu katika majiko ya pwani ni manjano, kwani rangi yake huyeyuka katika mafuta bila kuyeyuka vizuri katika maji, ikapenya pamoja na mchuzi uliorukia ukutani. Mpishi akiisugua kwa sabuni kali, rangi hiyo hugeuka wekundu wa kahawia kwa sababu ya nguvu ya alkali, na doa huonekana baya kuliko lilivyokuwa. Grauti ya epoksi, inayotokana na resini badala ya saruji, haifyonzi, lakini ni ghali na huganda upesi, hivyo humtaka fundi aliyeizoea.

Hapo ndipo ukubwa wa kigae unapokuwa na maana. Vigae vya sentimita 30 kwa 60 huacha takriban mita 5 za mianya katika kila mita ya mraba, na safu mbili zilizolazwa hujaza kimo cha sentimita 60 bila kukatwa. Vigae vidogo vyeupe vya inchi 3 kwa 6, vilivyopata sifa katika vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York vilivyofunguliwa mwaka 1904, huacha mita 20 hivi, na vile vya mozaiki vya sentimita mbili na nusu huacha mita 80, jambo linalopendeza machoni mpaka siku ya kupika biriani.

Makutano ya ukuta na meza hayajazwi grauti ya aina yoyote, kwa kuwa meza husogea kidogo na grauti hupasuka. Hapo hupakwa silikoni, ambayo hunyumbulika na huweza kung'olewa na kupakwa upya ikianza kuota ukungu.