Kihariri Mgeni Ndani ya Programu Mwenyeji: Upachikaji wa Kihariri cha Matini na Unukuzi wa Kiswahili cha Katanga

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza namna kihariri cha matini kinavyopachikwa ndani ya programu nyingine ya kompyuta, na athari za upachikaji huo katika kazi ya wanaisimu wanaonukuu lugha ya mazungumzo. Kwa kihariri cha matini inakusudiwa programu, au sehemu ya programu, inayomwezesha mtumiaji kuandika, kufuta, kuhamisha na kutafuta maneno kwenye skrini. Hoja kuu ni kwamba kihariri hakiingii mikono mitupu. Huja na kanuni zake za herufi na tahajia, na kanuni hizo zaweza kuibadili data ya mtafiti bila yeye kutambua.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mtafiti amerekodi mazungumzo ya wauza samaki huko Kapolowe, kando ya reli itokayo Likasi kwenda Lubumbashi, karibu na ziwa Tshangalele lililotokana na bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira. Mzungumzaji mmoja anasema: Batu banauzishaka samaki mu soko. Kwa Kiswahili sanifu ingekuwa: Watu huuza samaki sokoni. Tungo hiyo fupi ina mambo manne ya kuchunguzwa: kiambishi ba- mahali pa wa-, mnyambuliko -ish-, kiambishi -ak- cha mazoea, na mu inayotangulia nomino mahali pa kiambishi tamati -ni. Swali ni hili: je, tungo hiyo itafika katika faili kama ilivyotamkwa?

2.0 Sababu za kupachika

Programu ya unukuzi kama ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu Saikolojia mjini Nijmegen, kazi yake ya msingi ni kuunganisha sauti au picha na maandishi. Kila kipande cha maandishi hufungwa kwenye wakati wa kuanza na wa kumalizika, kwa kipimo cha sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hata hivyo, mtumiaji hana budi kuandika, na hapo kihariri kinahitajika.

Kutunga kihariri upya si kazi ndogo. Lazima kijue kusogeza kishale, kukata mstari unapojaa, kutendua kosa, na kuonyesha herufi za lugha nyingi. Kwa hiyo watunzi wa programu hupendelea kualika kihariri kilichokwisha kutungwa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Programu inayopokea ndiyo mwenyeji. Kihariri kinachopachikwa ndicho mgeni.

3.0 Njia tatu za upachikaji

Njia ya kwanza ni kukifanya kihariri kiungo cha mwili wa mwenyeji. Mtunzi huchukua kijenzi kilicho tayari na kukiunga katika programu yake, vikawa kitu kimoja. Mfano maarufu ni Scintilla, kijenzi kilichoanzishwa na Neil Hodgson mwaka 1999. Notepad++, iliyotolewa mwaka 2003, imejengwa juu yake. Njia hii ni ya haraka, lakini mgeni akianguka, mwenyeji huanguka naye.

Njia ya pili ni kuziacha programu mbili zikiwa mbalimbali huku moja ikionekana ndani ya nyingine. Microsoft ilileta utaratibu wa namna hii, uitwao OLE, mwaka 1990. Toleo la pili la mwaka 1993 liliwezesha kuhariri papo hapo. Mtumiaji akibofya jedwali lililomo katika barua, menyu za programu ya majedwali hujitokeza ndani ya dirisha la barua.

Njia ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwenyeji huandika matini katika faili ya muda, hukiita kihariri cha nje, husubiri kifungwe, kisha huisoma tena faili ile. Mtumiaji huwa huru kuchagua kihariri akipendacho, lakini mwenyeji haoni lolote linalotendeka mpaka mwisho. Kwa unukuzi unaofuata sauti sekunde kwa sekunde, njia hii haifai.

4.0 Mapatano kati ya mgeni na mwenyeji

Kwa njia yoyote ile, mapatano yahitajika. Kwanza, nani mwenye matini? Ikiwa mwenyeji ana nakala yake na kihariri kina yake, siku moja zitatofautiana. Fahali wawili hawakai zizi moja: nakala moja iwe asili, na nyingine ipate habari kila mabadiliko yanapotokea. Pili, nani anayetendua? Mtumiaji akiomba kosa lifutwe, kihariri hurudisha herufi, lakini hakijui kwamba kipande cha sauti nacho kilikuwa kimegawanywa. Maneno yakirudi bila mipaka yake ya wakati, unukuzi huharibika.

Tatu ni usimbaji wa herufi. Kiwango cha Unicode, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, huruhusu herufi é iandikwe kwa msimbo mmoja, au kwa misimbo miwili, yaani e na alama inayoifuata. Kwa macho hakuna tofauti. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili, isipokuwa programu iwe imefundishwa kuyalinganisha. Jambo hili ni zito Katanga, ambako mazungumzo huchanganya maneno ya Kifaransa na ya lugha za toni kama Kiluba na Kibemba. Mtafiti atatafuta neno aliloliandika mwenyewe, na asilipate.

5.0 Mzigo wa mgeni: kikaguzi cha tahajia

Mara nyingi kihariri huja pamoja na kikaguzi cha tahajia. Kiswahili kimenufaika na vyombo hivi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mtumiaji akaweza kusoma menyu kwa lugha yake. Lakini kikaguzi kilichojengwa juu ya orodha ya maneno ya Kiswahili sanifu kitaitia tungo ya Kapolowe mistari myekundu chini ya batu na banauzishaka. Msaidizi aliyechoka, mwenye saa nyingi za sauti mbele yake, atashawishika kukubali pendekezo. Kama masahihisho ya kujiendesha yamewashwa, hata ridhaa yake haitaombwa.

Hasara haiishii katika neno moja. Mzungumzaji wa Katanga huweza kusema batu sokoni na watu anaponuia Kiswahili bora cha shuleni au kanisani. Kupishana huko ndiko kunakoonyesha anazungumza na nani, na anajiweka wapi. Kihariri kikizigeuza ba- zote kuwa wa-, hesabu ya mtafiti itaonyesha kwamba wavuvi wa Kapolowe husema kama kitabu, na hakuna atakayejua kwamba aliyesema hivyo ni kompyuta.

Katanga ina kielelezo chema cha uangalifu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kwa tahajia na mgawanyo wa maneno usiofuata kanuni za shule. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, hakuisahihisha matini. Kalundi Mango aliisoma upya kwa sauti, na usomaji huo ukanukuliwa ukawekwa pamoja na maandishi ya asili. Matini mbili zikasimama bega kwa bega, wala moja haikuifuta nyingine.

6.0 Hitimisho

Upachikaji wa kihariri huonekana kuwa jambo la mafundi peke yao, lakini mwanaisimu ana neno la kusema. Kabla ya kunukuu, azime masahihisho ya kujiendesha. Aweke safu mbili, moja ya msemo kama ulivyosikika na nyingine ya usanifu, kazi ambayo ELAN inaiwezesha. Ahakikishe kuwa herufi zote zimesimbwa kwa namna moja. Mwishowe, alinganishe kurasa chache za kwanza na sauti yenyewe, si na kamusi. Mgeni anakaribishwa, ila wa kusema Batu banauzishaka samaki mu soko ni mwenye kauli, na kauli yake haina budi kubaki yake.