Kuteguka kuna madaraja matatu



Mvua ikinyesha, njia za shamba la chai huteleza. Mkata miwa hutumbukiza mguu mtaroni. Kiwandani, sakafu yenye mafuta humwangusha mchukuzi na gunia lake. Wote husema, "Nimeteguka," na wote hujibiwa, "Pumzika siku mbili, urudi kazini." Jibu hilo haliwafai wote.

Mfupa hufungwa kwa mfupa mwenzake na kano, mfano wa kamba yenye nyuzi nyingi. Madaktari hupima kuumia kwake kwa madaraja matatu.

Daraja la kwanza: kano imevutika, nyuzi chache zimekatika. Uvimbe ni kidogo, kiungo ni imara, mtu hutembea. Kwa kawaida hupona kwa wiki 1 hadi 3.

Daraja la pili: sehemu ya kano imechanika. Mguu huvimba, damu huvilia, kukanyaga ni taabu. Huchukua wiki 3 hadi 6, pengine zaidi.

Daraja la tatu: kano imekatika kabisa, kiungo kimelegea. Huchukua miezi, na wengine hupasuliwa. Angalieni sana: mara nyingine huyu huumwa kidogo kuliko wa daraja la pili, maana hakuna uzi uliobaki wa kuvutwa. Basi msimamizi asipime jeraha kwa kelele za mgonjwa.

Ukiumia, acha kazi. Weka maji baridi au barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 10 hadi 20, funga bendeji bila kukaza mno, inua mguu. Usichue wala kukanda kwa maji ya moto siku mbili za kwanza. Ukishindwa kwenda hatua nne, dai picha ya eksirei. Lakini picha hiyo huonyesha mfupa, haionyeshi kano. Kuambiwa "mfupa mzima" si kuambiwa umepona.

Mwombe daktari aandike daraja la jeraha na siku za kupumzika. Toa taarifa kwa mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, na nakala mpe mwakilishi wa chama. Hapa Uganda, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inambebesha mwajiri fidia na gharama za matibabu ya aliyeumia kazini. Bila maandishi, utaambiwa uliumia ukicheza mpira.

Kano isiyopona vizuri huteguka tena na tena. Siku mbili za haraka zisikugharimu mguu wa maisha.