Wateja Tulio Nao

Biashara ikilala twalaumu mvua, au jirani aliyefungua duka kando yetu. Pengine ni kweli. Lakini tutazame habari ya Lomé, nchini Togo, iliyochapishwa mwaka 2017. Wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Wa kwanza walifundishwa kuweka hesabu, kutangaza bidhaa na mengine ya kawaida. Wa pili walifundishwa moyo wa kuanza jambo bila kungoja kusukumwa, kuwaza mbele, na kutokata tamaa. Wa tatu hawakufundishwa kitu. Faida ya kundi la pili ilizidi ya wasiofundishwa kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza iliizidi kwa 11 tu. (Tusitupe daftari, jamani! Hesabu bado yatakiwa.)

Mama mmoja wa kundi hilo la pili alikuwa akikodisha magauni ya arusi. Magauni tu. Baada ya mafunzo akatambua kwamba bibi arusi anayekodi gauni huhitaji pia shela na glavu, akaanza kuviuza. Wateja wa vitu hivyo walikuwa wamekwisha kuingia mlangoni mwake.