Je, Wajua? Injini Nayo Ni Breki

Je, wajua kwamba dereva mzoefu anayeshuka milima ya Mbooni au Kilungu, Makueni, au ile ya Mutitu kule Kitui, hutegemea injini kuliko breki? Akitia gia ya kwanza upande wa gia nzito za gari la foo-wili na kuachia klachi kabisa, injini yenyewe hulizuia gari lisikimbie.

Anayeng'ang'ania breki tu huzichemsha. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye 140 hivi. Mvuke ukijaa kwenye paipu, pedeli huzama hadi sakafuni na gari halisimami! Kukanyaga klachi mteremkoni ni kosa baya vilevile: magurudumu huachana na injini papo hapo.

Na gari likizimika ukipanda? Usiligeuze, maana likikaa kingamo hupinduka upesi. Shika breki, tia rivasi, urudi nyuma moja kwa moja, polepole.

Mvua za Novemba zikilainisha udongo mwekundu wa milima hiyo, ngoja njia ikauke. Na kabla ya safari, mwambie fundi akague mafuta ya breki.