Uzazi Usiochongwa wa Kaisho

Anayetafuta katika nchi ya Karagwe ya kale kinyago cha mama mjamzito, kama kile cha Wamakonde ambacho mwanamume huvaa tumboni anapocheza ngoma, au kitu mfano wa mwana hiti wa Wakwere na Wazaramo, hatakiona kwa urahisi. Vyombo vya enzi vya Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, vinavyojulikana zaidi ni ng'ombe wa chuma. Hata msafiri Mwingereza Speke, aliyefika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, alipima unene wa mke wa ndugu wa mtawala huyo na kuuandika kitabuni, lakini chumba cha mzazi hakimo katika habari zake. Kutokana na hayo ni rahisi kudhani kwamba Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, hawakuufanyia uzazi sanaa yoyote. Dhana hiyo si sahihi. Waliufanyia sanaa ya maneno, na maneno yenyewe yangali yanaitwa kila siku huko Kaisho, wilayani Kyerwa, shambani na sokoni.

Nazungumzia majina. Pacha wa kiume huitwa Ishengoma na Kato, wa kike Nyangoma na Nyakato. Anayesikia jina anajua papo hapo kwamba mama alijifungua wawili, na nani alitangulia. Kwa majirani wa Bunyoro na Toro, anayewafuata pacha ni Kiiza, hivyo mtoto hubeba maishani mwake habari ya uchungu ambao si wa kuzaliwa kwake yeye. Majina mengine hutaja baraka, msiba au ugomvi uliokuwapo nyumbani siku zile. Kinyago huonyesha mama yeyote, lakini jina humtaja mama huyu, katika siku hii.

Itapingwa kwamba mtoa jina kwa kawaida alikuwa baba au mzee wa ukoo, na kwamba masimulizi makubwa ya uzazi ni ya kuwatukuza wafalme. Pingamizi hili lina uzito. Hadithi ya Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ambao Wahinda, ukoo wa kifalme wa Karagwe, walijinasibisha nao, inamweleza Nyinamwiru aliyefungiwa na babaye Bukuku kwa kuogopa utabiri kwamba mjukuu atamuua. Akazaa hata hivyo. Mtoto akatupwa mtoni, akaokolewa na mfinyanzi, akakua kuwa Ndahura. Ni kweli, hadithi inamtafutia mfalme asili. Lakini angalia inakopita: enzi yote inategemea mwanamke mmoja kujifungua kinyume cha amri ya baba yake. Msimulizi aliyetaka kumsifu mfalme tu angeweza kumshusha kutoka mbinguni, asihitaji tumbo la mtu.

Wapo pia watakaosema kuwa kusifu desturi hizi ni kusahau wanawake waliofia kwenye mkeka. Hilo nisingependa lisahauliwe hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na watoto 81 katika kila 100 wakizaliwa katika vituo vya afya. Mama wa Kaisho anastahili mkunga aliyesomea na gari la kumfikisha hospitali. Ila kadi ya kliniki hujazwa tarehe na uzito, haiulizi kwa nini mtoto ameitwa hivyo. Swali hilo wanaweza kulijibu bibi waliozalisha vijijini, na tangu enzi za Speke waliokuja na kalamu wameketi zaidi na wanaume. Halmashauri ya Kyerwa na shule zake zingeanza kwa kuwaandika wao, jina kwa jina, wangali hai.