Trekta Kuukuu na Lugha ya Mafundi

Ukipita katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet utayaona matrekta ya makampuni yakivuta trela zilizojaa majani mabichi kuelekea viwandani. Hayo siyo ninayokusudia kuyazungumzia. Ninazungumzia trekta dogo la kijivu, Ferguson TE20, ambalo siku hizi ni nadra kulikuta lingali likinguruma. Mimi ninalo moja. Nililinunua kwa mkulima wa upande wa Sotik, ambako walowezi walikuwa na mashamba makubwa kabla ya uhuru, na wenzangu chuoni hawachoki kuniuliza mhadhiri wa isimu ana haja gani na chuma kikuukuu.

Haja ya kwanza ni shamba. Chai ikishapandwa hailimwi kwa plau. Hukaa ardhini miongo mingi. Kinachobaki cha kulimwa kwa mkulima mdogo ni kipande cha mahindi na viazi, nacho huzidi kupungua kila baba anapowagawia wanawe. Trekta kubwa humo haligeuki. Hili langu, lenye uzito wa takriban tani 1 tu, hugeuka bila taabu.

Aliyelibuni ni Harry Ferguson, mzaliwa wa kaskazini mwa Ireland, na liliundwa mjini Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956. Yalitoka zaidi ya 500,000. Tarehe 4 Januari 1958 Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiendesha matrekta ya Ferguson. Siri yake ni kwamba plau haiburutwi kwa mnyororo, bali hushikwa na mikono mitatu, miwili ya chini na mmoja wa juu. Udongo ukishupaa, mkono wa juu husukumwa mbele, msukumo huo hufungua vali ya haidroliki, na plau huinuliwa kidogo hadi mzigo upungue. Wakati huo huo uzito wa plau na udongo hukandamiza magurudumu ya nyuma, hata trekta jepesi likapata mshiko wa trekta zito. Tena halina kitufe cha kuwashia: wenzo wa gia ndio unaosukumwa ili injini iwake, kwa hiyo haliwezi kuwashwa likiwa kwenye gia. Sijui kama waunda magari wa leo wamewahi kufikiri kwa uangalifu kiasi hicho.

Lakini kulitunza ni kazi. Giaboksi, haidroliki na ekseli ya nyuma hutumia oili moja, na mvua za Kericho hupenya kupitia mpira uliochakaa chini ya wenzo wa gia. Oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi, na fundi wangu husema trekta “limekunywa chai ya maziwa”. Hapo hakuna budi kuimwaga yote, kusafisha, kubadilisha mpira na kutia oili mpya, la sivyo pampu ya haidroliki itaharibika. Tairi za mbele, za kipimo cha 4.00-19, huzisaka kwa miezi. Afueni ni injini: silinda zake zina slivu zinazochomolewa zikichakaa na kutiwa nyingine, bila kuchonga bloku nzima upya. Sitaki kulisifu kupita kiasi, hata hivyo. Halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na miteremko ya huku si ya mchezo. Kijana asiyelizoea simpi usukani.

Haja yangu ya pili ndiyo inayowahusu walimu na wanafunzi. Kitabu cha maelekezo nilichonacho ni cha Kiingereza, na mzee anayenitengenezea trekta hajawahi kukifungua. Nyumbani husema Kipsigis. Gereji yake huendeshwa kwa Kiswahili. Injini “ikikohoa” hutazama kabureta kwanza. “Ikigonga” huuliza habari za beringi. Beringi yenyewe “ikilia” hutaka kujua inalia likiwa na mzigo au bila mzigo. Katika gereji hiyo utohozi na sitiari hukaa pamoja bila kugombana: klachi na gasketi zimetoholewa, ilhali mkono, koo na sikio zimetoka katika mwili wa binadamu. Wanaisimu tumezoea kuunda istilahi mezani. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ni nani aliyekwenda kuketi juu ya kopo la oili akaandika tofauti ya kukohoa na kugonga? Mwanafunzi wa ufundi hufunzwa majina ya Kiingereza darasani, kisha huenda kufanya kazi chini ya mtu ambaye hayatumii, na ujuzi wote wa yule mtu uko katika maneno yasiyoandikwa popote.

Mzee huyo amepita miaka sabini, na mwanawe ameshika bodaboda. Vipuri huweza kuchongwa, nimeona vikichongwa. Nimemwomba niwalete wanafunzi wawili na kinasa sauti wakati wa likizo ya Agosti. “Mwalimu,” alinijibu, “walete, ila waje na ovaroli.”