Okidi ya Darsait: ua la kwetu au la huku?

MUSCAT – Kwa anayeijua Darsait, habari ya okidi ya mwituni kuchanua mtaani humo inaweza kuonekana kama mzaha. Mtaa huo, jirani na Muttrah na Ruwi, umezungukwa na milima ya mawe matupu, mvua yake ni ya kubahatisha na joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Bustani za huko huishi kwa maji ya mfereji.

Hata hivyo, mwezi Aprili bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, ambaye kama wengi wa rika lake alihamia Oman baada ya mwaka 1970, alituonesha mmea uliosimama kando ya tangi la maji nyuma ya nyumba yake. Hakuupanda yeye. Tulipokwisha kumwamkia na kunywa kahawa, alituuliza: “Wanangu, nyinyi mliosoma, hebu niambieni. Hili ua la kwetu au la huku?”

Ndugu msomaji, swali hilo si dogo kwa mtu anayeishi mbali na alikozaliwa, nasi tunaoandika tukiwa ugenini tunaujua uzito wake. Lakini jibu lake linapatikana kwa kuutazama mmea wenyewe.

Kwanza ni kuhakikisha kwamba ni okidi. Ua la okidi lina vipande vitatu vya nje na vitatu vya ndani, na kimoja cha ndani, kiitwacho mdomo, hutofautiana na vyote kwa umbo. Katikati, sehemu za kiume na za kike zimeungana kuwa kijiti kimoja. Kwa kipimo hicho, mti wa bauhinia ambao wauza miche huuita “mti wa okidi” unaondolewa mapema. Huo ni wa jamii ya mikunde, na jani lake limepasuka mfano wa unyayo wa ngamia. Mmea wa bibi ulifaulu mtihani huo.

Pili ni kujua ni okidi ipi. Bibi alidhani ni vanila ya mwituni aliyoiona utotoni. Vanila hiyo, Vanilla roscheri, ipo Unguja, Pemba na pwani ya bara, lakini ni mmea unaotambaa, na shina lake huonekana halina majani. Huu wa Darsait ulisimama wima na majani marefu yenye mistari. Tulifikiria pia Zeuxine strateumatica, okidi ya Asia inayojiotea kwenye nyasi za bustani, na ambayo Florida, Marekani, imeonekana tangu miaka ya 1930. Lakini hiyo ni fupi, kiasi cha shubiri moja, na maua yake ni madogo meupe yenye mdomo wa manjano. Mmea wa bibi ulipita magoti, na maua yake yalikuwa ya kijani na manjano yenye wekundu wa kahawia, mdomo ukiwa na ncha nyeupe.

Alama zote ziliangukia Epipactis veratrifolia, okidi ya chemchemi, ya mawe yanayochuruzika maji na ya kando ya mifereji ya falaj katika milima ya kaskazini mwa Oman. Katika Falme za Kiarabu ndiyo okidi pekee ya asili inayojulikana, na huonekana Wadi Wurayah, Fujairah. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa ua lake hutoa harufu ya vidukari walioshtuka. Nzi ambao mabuu yao hula vidukari huja kutaga mayai humo, na wakiondoka hubeba chavua.

Ilifikaje Darsait? Mjukuu wa bibi alikumbuka kwamba aliwahi kumletea mimea ya majani laini, pamoja na udongo wake, kutoka kwenye falaj ya mlimani. Okidi ilikuja imejificha humo. Basi tukamjibu bibi: ni ua la huku, ila si la Darsait.

Hapo ndipo penye hatari. Jina likishajulikana, majirani hutaka na wao, na vijana hubeba majembe kwenda mabondeni. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu maalumu wa udongoni. Chemchemi ikichimbwa, mimea iliyoota kwa miaka mingi huisha kwa siku moja. Tanzania inalijua jambo hili: katika nyanda za Kitulo, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi kupelekwa Zambia kuliwa.

Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Oman ilijiunga nao mwaka 2008. Hivyo kuivusha mpaka kwa zawadi ya ndugu walioko Unguja au London bila kibali ni kosa.

Mwenye okidi kama hii nyumbani aiache ilipo, maji yasikatike, na asipulizie dawa ya wadudu inapochanua. Anayeikuta mlimani apige picha ya ua, ya jani na ya mahali ilipoota, awapelekee wataalamu wa mimea ya asili, na jina la chemchemi asilitangaze.